Baraka Iliyooshwa kwa Sabuni

Mama mpendwa,

Pokea salamu kutoka Doha, kwenye joto linalofanya lile la huko kwetu Mitunguu lionekane baridi. Kifua chako kinaendeleaje? Mimi ni mzima. Nimeamua kuandika, na jirani yetu anayerudi nyumbani ataileta barua, kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize sentensi. Kendi akusomee, na asiruke mahali anapotajwa.

Nimefurahi sana kwamba umemruhusu arudi shuleni. Darasa la nane lilipofunguliwa ukakataa, nilikukasirikia, Mama. Ulisema shule haiendi popote, lakini pumu yako ikikutana na korona ndiyo basi tena. Naye Kendi alikuwa ameanza kuniambia mtihani hauna maana, heri akate ndizi na wewe. Nilikosa pa kushika. Yeye ni mdogo wangu, na wewe ndiwe mama yangu wa pekee.

Hapa nasafisha shule, unajua. Watoto huja na barakoa, wanakaa mbalimbali, nami napangusa madawati kwa dawa kila wanapotoka. Walimu wengine wanaogopa, na sioni kosa lao. Juzi darasa moja lilifungwa, mwalimu wake anaumwa. Lakini hao watoto wanavyopiga kelele za furaha wakirudi, ndiyo sababu nilikusihi vile.

Sasa hii habari ya Jumatatu imenichekesha mpaka wenzangu wakauliza kulikoni. Dada Nkatha anasema Kendi alipokuwa akitoka kwenda shule ulimtemea mate viganjani, kama ulivyotubariki sote, kisha ukakumbuka korona, ukamkimbiza bombani na sabuni. Halafu hukula kutwa nzima. Jioni ukanitumia ule ujumbe wa sauti: "Mutwiri, hiyo sabuni si imetoa na baraka? Nimtemee tena?"

Usimtemee tena, Mama. Aendelee kulala kwa Nkatha kama mlivyokubaliana, asije akakuletea korona kutoka shuleni, na akikuletea chakula avae barakoa.

Nisalimie mjomba anayetufungulia maji shambani, shangazi wa Kinoru, na mwalimu wa Kendi, umwambie nashukuru.

Na hiyo baraka isikunyime usingizi. Asubuhi niliyoondoka uliitemea mikono yangu pia. Tangu hapo naiosha kwa sabuni na dawa kutwa, hadi ngozi inabambuka. Na bado nilifika salama, nikapata kazi, na sijaugua. Mwache Kendi anawe.

Mwanao anayekupenda,
Mutwiri