Kanda Zako Zinafukuza Ndege

Ntandu, rafiki yangu,

"Kile hakikuwa kipindi cha televisheni. Yalikuwa mazoezi ya mpiga video wa harusi." Kasema hivyo mbele ya watu, yule bwana wa kamati ya maonyesho ya sanaa za mkoa, na udongo wa kaburi lako haujakauka. Nikasimama. Mazoezi gani yaliondoa watoto barabarani kila Jumamosi jioni, Singida nzima ikabaki na mbuzi? Akanijibu kwa upole wa mtu mwenye mhuri: "Lete kanda, mzee. Pasipo kanda hakuna kipindi." Jina lako halitaandikwa kwenye maonyesho kama mtunzi, basi, mpaka nilete.

Nimezitafuta. Kile kituo cha kebo kilichorusha *Alizeti Boizi* kimefungwa. Soko huria lilikileta, soko huria likakiua. Vijana wako wanne walioimba kwenye gunzi la mahindi kama kipaza sauti huku wakikimbiza mbuzi wa mama yao waliambiwa hawana mdhamini. Watoto wa ng'ambo, waliorukaruka kwa lugha tusiyoijua, wakapata mdhamini wa sabuni. Tukaambiwa hayo ndiyo maendeleo!

Nikaenda Shelui kwa shemeji, mkeo. Akaniambia gunia la kanda alimpa kaka yako. Ntandu, mtama umetoa masuke, na unajua watu wetu hufanya nini mtama ukitoa masuke. Nilikuta kazi yako shambani kwake imefungwa mti hadi mti, utepe mweusi ukimetameta na kuvuma kwa upepo, kweleakwelea, wale ndege wala mtama, wakipita mbali. Nikapiga kelele. Kaka yako akacheka: "Bwana mkubwa, ndege hawangoji sanaa. Watoto watakula hiyo sinema?"

Simlaumu yeye. Nawalaumu waliotufundisha kwamba kisicho na mnunuzi ni takataka.

Nikiwa kwenye basi la kurudi nikakumbuka tabia yako iliyokuwa ikinikera. Ukikosa kanda mpya, ulirekodi harusi ya mtu juu ya *Alizeti Boizi*. Tuligombana sana, nawe ukanijibu, "Harusi ina mwisho, bwana. Vijana watabaki nyuma yake." Na kweli walibaki. Bibi harusi akishapanda gari, picha inakatika, wanachomoza wanacheza. Yule mama wa Kiomboi alipiga yowe sebuleni kwake: "Jamani, na hawa wamealikwa na nani?" Ulicheka mpaka ukakohoa. Kikohozi kile… Niyaache hayo.

Nimepata mkia mmoja, kwenye kanda ya harusi ya fundi cherehani wa hapa mjini. Ni kipande kifupi. Vijana wanacheza, na wewe nyuma ya kamera unawafokea: "Msicheze kama mmeshiba!" Niliizima. Nikaiwasha tena. Nikaizima.

Nikampelekea yule bwana. Akatazama mpaka kwenye keki, akainuka: "Si nilisema? Harusi." Nikamrudisha kwenye kiti. Akaona mpaka mwisho, akasema kipande kimoja si kipindi, nilete vingine kabla kamati haijafunga kazi yake.

Lala, ndugu yangu. Nakuahidi hutaingia kwenye maonyesho yale kama mpiga video wa harusi. Utaingia kama mtunzi, la sivyo nitasimama mlangoni pao na kumsimulia kila anayeingia, kipindi baada ya kipindi, mpaka waniitie polisi.

Na ninyi mliooana Singida, Shelui na Kiomboi, Ntandu akawachukua video, nakala ya barua hii nimeibandika sokoni kwa ajili yenu. Najua mmenunua deki za CD na kanda mmezisukumia uvunguni. Msizipeleke shambani. Azimeni deki ya zamani kwa jirani, vumilieni hotuba za wajomba, vumilieni zawadi, na bibi harusi akiondoka msizime. Tazameni mpaka kioo kibaki chenga tupu. Mkiona vijana wanne na gunzi, nileteeni kanda hiyo leo. Si kesho.