Ncha Nyeupe za Vidole

Njia ya Posta Na. 2,
Tolland Springs, Georgia.
Jumapili, 15 Julai 1951

Mpendwa Mama Mdogo Corinne,

Kabla sijaandika neno lingine naahidi kwamba nitakueleza kila kitu, hata yale ambayo Mama angependa niyaache, na hata yale ambayo mimi mwenyewe siyaelewi. Mwalimu wetu, Bi. Tarpley, hutuambia kwamba barua inayoficha jambo ni heri isiandikwe. Kwa hiyo nikirefusha, nivumilie.

Hujambo lakini? Mgongo wa Baba Mdogo Amos umepata nafuu? Na Delphine ameshaota meno ya mbele, au bado anacheka kama kikongwe? Sisi huku ni wazima. Joto ni kali hata kuku hawataki kutoka chini ya nyumba. Mama bado yuko kule kwenye nguo za kufua, anarudi mikono imevimba, lakini halalamiki. Bibi Ludie ametimiza miaka sabini na moja na bado anachambua mbaazi upesi kuliko mimi. Mimi nimefaulu darasa la nane, na Bi. Tarpley ameandika barua ili nipokelewe sekondari ya kaunti mwezi wa tisa. Naomba uniombee.

Asante kwa kitambaa cha rangi ya samawati. Nimekishona gauni na nimelivaa mara mbili tu, kwa kuogopa kulichosha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jumapili ya pili ya Agosti ni siku ya watu wote wa kanisa letu kurudi nyumbani, kama unavyokumbuka. Mwaka huu kila familia inaweka jiwe jipya makaburini, kwa sababu alama za zamani za mbao zimeoza. Bwana Pruitt mchonga mawe amekuja kuchukua majina. Mama amempa la Babu, la wale pacha waliofariki wachanga, na la Mjomba Roscoe, ingawa Mjomba hakuzikwa hapa. Mama alisema, kwa kuwa Corinne aliandika amekufa, basi amekufa, na jina lake lirudi nyumbani. Bibi alikuwa akishona kifungo. Alikata uzi kwa meno na kuingia jikoni.

Wiki hiyohiyo ikaja filamu ya Tobias Crenshaw.

Nadhani huko Los Angeles mliiona zamani, maana huko ndiko ilikotengenezwa. Huku ilikuwa kama sikukuu. Tobias wetu, aliyekuwa akirusha mipira ya besiboli kwenye uwanja wa nyuma ya kanisa, mtu mweusi wa kwanza wa kaunti hii kuvaa sare ya timu ya wazungu! Masikini, alikufa Februari kabla hajajiona kwenye pazia. Ilionyeshwa tangu Alhamisi hadi Jumamosi, saa nane mchana. Alhamisi nilikwenda na Bibi. Tuliingia kwa mlango wetu watu weusi, ule wa uchochoroni, tukapanda zile ngazi za chuma mpaka ghorofani. Bibi alipumzika mara tatu njiani, na kila mara alijifanya anatengeneza kofia yake.

Huko juu hakukuwa na pa kutema mate. Mzee Hosea Gandy, aliyewahi kucheza timu moja na Tobias na Mjomba, alikuwa amesimama akiwaeleza watu jinsi mambo yalivyokuwa hasa.

"Kaa chini wewe Hosea!" mama mmoja alipiga kelele. "Mipira yote uliyodaka uliidaka kwa meno, ndiyo maana huna hata moja!"

"Meno niliyaacha uwanjani kwa heshima, dada yangu," akajibu. "Wewe ya kwako yameliwa na keki za harusi za wenzako."

Watu walicheka, taa zikazimwa, nasi tukatulia.

Filamu ni nzuri, Mama Mdogo. Mwigizaji anayemwigiza Tobias hafanani naye, ni mrefu mno, lakini anatembea vizuri. Mdakaji wake ni kijana mnene mwenye masharubu, mchekeshaji, na kila baada ya mchezo anavua kinyago cha chuma na kujifuta jasho. Wanamwita jina lingine kabisa. Nilisikitika kidogo kwamba hawakumtaja Mjomba, mdakaji wake wa kweli, lakini nilijiambia kwamba watu wa California wangemjulia wapi.

Kisha ikafika ile sehemu ya mchezo wa jioni kando ya mto. Mawingu yametanda, Tobias yuko juu ya kile kilima kidogo cha mrushaji, nasi tunaangalia kutoka nyuma ya bega lake. Muziki ukakatika. Nilisikia mashine ikizunguka kwenye chumba kilicho nyuma yetu. Mdakaji alichuchumaa mbele, mbali, na mara moja nikaona kwamba si yule mnene. Huyu alikuwa mwembamba. Upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi na suruali ya mpigaji, lakini nguo zake hazikutikisika. Akashusha mkono wa kulia katikati ya mapaja ili kutoa ishara, na ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe. Nyeupe pe, kama zinawaka. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda kwa nje kama ndoana.

Hakunyoosha kidole kimoja wala viwili, kama wadakaji wanavyofanya kumwambia mrushaji arushe mpira wa namna gani. Alikifungua kiganja chote na kukilaza juu ya goti.

Unazikumbuka ishara zetu za kanisani? Bibi akilaza kiganja juu ya goti maana yake ngoja, tulia, bado. Akigonga kifua kwa ngumi mara mbili maana yake twende nyumbani. Mimi nimekua nazo, na nilidhani kila familia inazo. Tobias wa kwenye pazia akaitikia kwa kichwa na kurusha mpira. Lakini kiganja kile hakikuondoka gotini, na kile kinyago hakikumwelekea mrushaji. Kilitazama juu, ghorofani, kwetu.

Nikageuka kumtazama Bibi. Naye alikuwa amelaza kiganja chake juu ya goti. Nilipokigusa kilikuwa baridi, ndani ya joto lile.

Tulikuwa njiani kurudi, tumeshapita kinu. Ndipo akaniambia habari ambayo, anasema, hata wewe na Mama hamkuijua. Tobias alikuwa haoni vizuri. Tangu utoto, kitu cha hatua ishirini kilikuwa ukungu kwake. Miwani aliogopa kuvaa, kwa sababu nani angemchukua mrushaji kipofu? Basi kabla ya kila mchezo Mjomba Roscoe alikuja jikoni kwa Bibi, akakoroga unga na maji kidogo, akachovya ncha za vidole na kuzikausha juu ya jiko, ili Tobias azione ishara. Wenzao walipouliza, alisema ni dawa ya kucha. Watu watatu tu ndio waliojua: Tobias, Mjomba na Bibi. Mmoja yuko kaburini tangu Februari. Mwingine wewe uliandika kwamba yuko kaburini tangu mwaka elfu moja mia tisa thelathini na sita.

"Sasa hao wa filamu wameambiwa na nani?" Bibi aliniuliza.

Mama alipohadithiwa alikasirika. Alisema ni mwanga tu, na kwamba Bibi ananijaza ukungu kichwani wakati nina masomo mbele yangu. Labda. Mimi nilipenda kufikiri jambo jingine, na nakuambia kwa sababu nimeahidi kutoficha. Nilifikiri: labda yu hai. Labda ni mzee fulani huko California aliyeitwa kuchuchumaa siku moja mbele ya kamera, na vidole vyake vikafanya vilivyozoea. Usiku ule nililala nikiwa na furaha.

Kwa hiyo Jumamosi nilirudi peke yangu ili nihakikishe. Nilikaa karibu na Mzee Gandy, nikamwomba aangalie vizuri mchezo wa mtoni. Ikafika. Muziki ukakatika palepale. Vumbi, mawingu, yule mwembamba akachuchumaa, vidole vyeupe vikashuka. Nilikuwa nimeshalaza kiganja changu gotini, kumjibu.

Safari hii alikunja ngumi. Akagonga kifua. Mara mbili.

Mama Mdogo, sikupiga kelele. Nilimshika Mzee Gandy mkono na kumwuliza kama ameona. Akanitazama kwa huruma. "Nimeona nini, binti? Mdakaji wa mchezo huo ametupa mgongo muda wote. Hata uso hawakumwonyesha."

Tulipotoka nilimngoja Bwana Lonnie, yule anayebeba makasha ya filamu, nikamwuliza kama Jumamosi walileta nyingine. Alicheka. "Mikanda ni ileile sita, mwanangu, ndani ya kasha lilelile. Filamu haijui kubadili mawazo. Jana, leo na kesho inasema neno lilelile." Akapakia makasha kwenye lori, na lori likaenda zake mji mwingine, kwa hiyo siwezi kurudi kuangalia tena.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Bibi alikuwa barazani na bakuli la mbaazi. Nilisimama mbele yake na kugonga kifua mara mbili. Bakuli lilimponyoka, mbaazi zikatawanyika mpaka uani, na kuku wakatoka chini ya nyumba.

Ndipo akanichukua chumbani, akavuta sanduku lake la bati lililo chini ya dirisha. Chini kabisa, ndani ya foronya, kulikuwa na glovu ya mdakaji. Nzito, nyeusi kwa jasho, na ndani ya gamba lake herufi R.A. zimechomwa kwa msumari wa moto. Bibi alisema Mjomba alizichoma mwenyewe akiwa na miaka kumi na sita, naye akamchapa kwa kuharibu ngozi nzuri. Ililetwa na posta, imefungwa kwa gazeti la Meksiko, bila barua na bila jina la aliyeituma. Ilifika miaka mitatu baada ya barua yako. Bibi hakumwambia mtu. Miaka yote hii alikuwa akilificha jambo hilo.

Nilitia mkono ndani. Kulikuwa na joto, kama mtu ameivua sasa hivi. Najua sanduku liko chini ya dirisha, na Julai ni Julai. Lakini kofia na shali vilivyokuwa juu yake havikuwa na joto. Na nilipoutoa mkono, ncha za vidole vyangu zilikuwa na vumbi jeupe. Nilinusa. Ni unga.

Leo baada ya ibada Bibi alimfuata Bwana Pruitt mlangoni mwa kanisa na kumwambia asichonge jina la Roscoe. Mama alitahayari mbele ya watu. "Mama, mwache mtoto wako apumzike!" alisema. Bibi akamjibu polepole, "Apumzike wapi, mwanangu? Nionyeshe mahali." Bwana Pruitt ni mtu mwema. Amesema atasubiri mpaka tarehe thelathini na moja, zaidi ya hapo rangi ya jiwe haitawahi kukauka. Tangu hapo Mama na Bibi wanazungumza kupitia kwangu, hata kuombana chumvi, na jioni hii Bibi ameweka sahani ya nne mezani bila kueleza ni ya nani. Mama ameiondoa. Bibi ameirudisha.

Nilipomwambia Bibi kwamba nakuandikia, alisema, "Mweleze yote, lakini usimwulize kitu. Corinne akitaka kusema atasema." Sijawahi kumwasi Bibi. Leo namwasi, kwa sababu tarehe thelathini na moja haiko mbali, na kwa sababu nimeona anavyoitazama ile barabara.

Mwalimu Tarpley anakusalimu, anasema ulikuwa msomaji bora wa darasa lake. Mzee Gandy anakusalimu, na Dada Iola wa kwaya, na Mama pia, ingawa hajui kama naandika. Mbusu Delphine kwa niaba yangu na umsalimu sana Baba Mdogo. Mungu aliyewavusha jangwa lile kwa treni awalinde, na awarudishe siku moja mle nasi meza moja.

Nimeifungua barua yako ya zamani, ile ya mwaka wa thelathini na sita. Karatasi imechanika kwenye mikunjo, lakini maneno yanasomeka. Umeandika: "Tumemzika Jumanne, na glovu yake kifuani." Glovu hiyo iko hapa juu ya meza, kando ya wino, ninapoandika. Sikulaumu, Mama Mdogo. Ninajua kuna maneno ambayo mtu huyaandika ili mama yake aache kungoja. Lakini nijibu kwa posta ya kwanza, tafadhali, hata kwa mstari mmoja: siku ile ya Jumanne, ulimwona Mjomba Roscoe ndani ya jeneza kwa macho yako mwenyewe?

Nakungoja, mimi mtoto wa dada yako, ninayekupenda hata bila kukumbuka uso wako,

Verlene Mabry