Maswali ya Mbolea

Kilosa, 2 Machi 2025
Mwanangu Mayasa,
Hujambo huko Johannesburg? Mimi mzima. Tangu mama yako atutoke nyumba imepooza. Napika kidogo na bado chakula kinabaki. Masomo yanaendaje?
Baba yako

Johannesburg, 24 Machi
Shikamoo Baba,
Samahani kwa kuchelewa, kazi za chuo zimenizidi hapa Braamfontein. Mimi sijambo. Jipe moyo.
Mwanao Mayasa

Kilosa, 25 Machi
Marahaba mwanangu,
Nimeshatandika ile mipira ya kumwagilia kwa matone uliyoniletea, nataka kupanda pamba. Mbolea ya fosforasi naweza kuipitisha humo pamoja na maji? Si ndiyo unayoisomea?
Baba yako

Johannesburg, 25 Machi
Shikamoo Baba,
Afadhali umeuliza. Usiipitishe humo. Maji ya kisima chetu yana chokaa, yakikutana na fosforasi yanaganda na vitundu vyote vinaziba. Ifukie karibu na mbegu, maana fosforasi haitembei udongoni, hukaa palepale ulipoiweka. Ikikosekana, pamba hudumaa na majani hukolea kijani, ukadhani imenawiri kumbe ina njaa. Nitumie picha ikiota. Nimefurahi sana, Baba.
Mwanao Mayasa

Kilosa, 4 Mei
Mwanangu,
Hujambo? Pamba imedumaa, na kijani kimekolea kama ulivyosema. Nifanyeje? Picha sina, kamera ya simu imeharibika.
Baba yako

Johannesburg, 4 Mei
Shikamoo Baba,
Pole. Inaelekea ni njaa ya fosforasi, lakini siwezi kukuelekeza bila kuona. Kesho namtuma shangazi Zubeda apite shambani anipigie picha.
Mwanao Mayasa

Kilosa, 4 Mei
Mwanangu,
Usimsumbue shangazi yako, atakuta magugu tu. Sikupanda pamba. Nilipokuandikia habari za nyumbani ulikaa wiki tatu, ukajibu maneno mawili. Nilipouliza mbolea ulijibu siku ileile, tena kwa kirefu, nikawa kama nakusikia unaongea. Nikaona niulize tena. Nisamehe.
Baba yako

Johannesburg, 5 Mei
Shikamoo Baba,
Nimekusoma ndani ya basi nikalia, watu wananitazama. Ujumbe wako wa mwanzo wa Machi niliusoma kila siku nikashindwa kuujibu. Na mimi namlilia Mama, na huku sina wa kumwambia. Ijumaa nikienda kusali Mayfair nasikia Kiswahili, tunasalimiana, halafu narudi chumbani peke yangu. Mambo ya mbolea nayajua, Baba. Ya Mama sijui nianzie wapi.
Nipigie leo jioni. Usitafute swali.
Mwanao