Miwani Juu ya Swichi

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimerudi kutoka semina. Siku mbili, hoteli yenye kiyoyozi, sambusa za kumwaga. Mada: sayansi ya tabia kazini. Mtoa mada alisema binadamu haamui kwa akili kama anavyodhani – anaamua kwa mazoea, kwa uvivu, kwa kuchungulia jirani anafanya nini. Nimeandika kurasa kumi na moja. Nilijiona profesa kabisa!

Mie, Avelina, afisa usalama wa kiwanda cha tofali za pevingi, zile za kutandaza chini uani, hapa mtaa wa Wazo. Wafanyakazi thelathini na wawili, hata mmoja havai miwani ya kazi. Vumbi la saruji linawaingia machoni, vipande vya kokoto vinaruka, wao miwani wameining'iniza shingoni kama mkufu. Mwaka mzima nimehubiri. Sasa basi. Nitawaongoza bila wao kujua.

Jumatano, 3 Septemba

Jaribio la kwanza. Nimebandika picha ya macho mawili makubwa juu ya mashine ya kufyatulia tofali. Eti mtu akihisi anatazamwa, anafuata sheria. Saa nne kuna mtu kashayachorea masharubu. Saa sita yamepewa jina – Mama Mkwe. Farhan, fundi umeme wetu, kanipita anacheka, anauliza mama mkwe kashakula?

Miwani iliyovaliwa: sifuri.

Nyumbani nikajifanyia jaribio mwenyewe. Kitu kikiwa mbali, hamu yake inapungua, walisema. Hotpoti ya chapati nikaiweka juu ya kabati. Nikapanda stuli. Chapati tatu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimepata! Usimwachie mtu achague – mtegee. Nimemwomba Farhan afunge ndoano juu ya swichi ya kila mashine. Miwani inaning'inia pale pale, imeziba kitufe. Huwezi kuwasha mpaka uitoe. Na ukishaishika, utaiweka wapi? Usoni!

Hadi saa kumi nimehesabu ishirini na nane. Ishirini na nane! Bi Samiha, meneja, binti wa mwenye kiwanda, katoka ofisini kushuhudia. Kasema Avelina wewe mchawi. Anataka ripoti ampelekee baba yake. Nimetembea hadi getini kama bibi harusi. Ndipo nikagundua – mie mwenyewe kutwa nimezunguka bila miwani.

Jumatatu, 8 Septemba

Thelathini na mmoja. Aliyebaki ni mzee Gozbert. Nani angedhani! Yuko mashine namba moja tangu kiwanda kinaanza. Mtu wa Bukoba kama mie, wa kwanza kufika, hajawahi kubishana na mtu. Anaitoa miwani, anawasha mashine, kisha anaisukuma juu ya paji la uso. Nikamwamkia shikamoo, nikamtania kwamba ananiharibia hesabu. Akacheka kidogo, akaivuta chini. Nilipogeuka, ilikuwa juu tena.

Nikasema, sasa namleta jirani. Nimeandika ubaoni kwa herufi kubwa: WENZAKO 31 KATI YA 32 WANAVAA. WEWE JE? Jina sikuandika. La nini? Kila mtu alimgeukia yeye. Nimeupiga ubao picha, iingie kwenye ripoti.

Jumanne, 9 Septemba

Kavaa! Thelathini na wawili kamili. Nimemtumia Bi Samiha ujumbe wenye vikatuni kumi vya makofi.

Alhamisi, 11 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa tano asubuhi mzee Gozbert alinyoosha mkono kusawazisha zege kwenye fremu. Chuma cha kushindilia kilikuwa kinashuka. Hakukiona. Farhan alikuwa karibu, akapiga kelele, akakata umeme. Chuma kilisimama kimeshagusa glovu. Vidole vizima. Mungu mkubwa.

Nilimkalisha nyuma ya stoo, nikampa maji. Nikamuuliza, mzee, ulikuwa unawaza nini?

"Mwanangu, jicho la kushoto lina ukungu tangu mwaka jana. Mtoto wa jicho. Natumia hili la kulia tu. Sasa ile miwani ikishika jasho na vumbi, na hili nalo linafungwa."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nikisema, naambiwa nikapumzike nyumbani. Na wewe ulishaandika ubaoni."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Jioni nimepitia kurasa zangu zote kumi na moja. Uvivu, mazoea, jirani. Hakuna mahali nimeandika: muulize kwa nini havai. Labda mtoa mada alisema, mie niko kwenye sambusa.

Ubao nimeufuta. Ila tukio lazima niliripoti kesho. Nikiandika uzembe, namzulia mzee. Nikiandika jicho, anaondolewa. Nikiandika ubao, naondoka mie. Mtaalamu wa maamuzi!

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi nimemuuliza mzee anataka nini. Swali la maneno matatu, limenichukua siku kumi na mbili! Anataka ruhusa akatibiwe, halafu arudi. Hata akipewa kufagia yadi, sawa.

Nikaanza kumpanga: mzee, kwanza mkumbushe Bi Samiha miaka yako hapa, kisha acha yeye mwenyewe afikie wazo la ruhusa, ajione ndiye kaamua... Kaninyooshea kiganja.

"Hapana mwanangu. Usimzungushe mtoto wa watu. Nitasema mwenyewe."

Ripoti nimeikabidhi saa nne. Kosa la kwanza nimeandika ni langu: nilimlazimisha kwa aibu, sikumsikiliza. La jicho sikuandika, nimemwachia mwenyewe. Bi Samiha kasoma bila kuinua uso. Safari hii sikuitwa mchawi. Kasema nimwite mzee, mie nisubiri nje.

Naandika hapa kwenye benchi, mbele ya mlango wake. Pazia la dirisha liko wazi. Mzee kasimama, kofia mkononi, kakataa kiti. Anaongea. Anaongea tena. Kamaliza.

Bi Samiha kasimama. Anaonyesha kalenda ya ukutani. Nasikia – anamwambia afunike jicho la kulia, asome ile tarehe iliyozungushiwa duara.

Kafunika.

Mie naiona hadi huku nje. Ishirini, mzee! Ishirini! Kasogeza kichwa mbele. Kakirudisha. Bi Samiha kageuka, kanitazama mie kupitia dirishani. Kumbe nimeshasimama, na midomo yangu inamtamkia mzee jibu: ishi–