Majivu ya Walter Dallard

Jumatatu, 13 Mei

Sijui nianzie wapi. Chai nimeisahau hapo mpaka imepoa.

Picha za daftari la zamani la kanisa zimefika leo kutoka kwenye hifadhi ya nyaraka ya mkoa. Nilizitaka kwa maonyesho ya Jumamosi tu. Ukurasa mmoja, wageni waone kwa macho yao wenyewe: Humphrey, mtoto wa Giles Dallard, amebatizwa hapa kijijini kwetu Combe Sallow, Novemba 1608. Humphrey yule aliyepanda meli akaenda Marekani na walowezi wa mwanzo, akaacha ukoo mkubwa ambao sasa una chama na kofia za bluu. Nikafungua picha kwenye kompyuta. Jina hilo hapo, linasomeka vizuri. Nikashuka mistari michache.

Amezikwa Humphrey, mtoto wa Giles Dallard. Februari 1608.

Chini yake! Si juu. Chini, ukurasa uleule!

Habari ya maziko hayo si mpya. Walter, marehemu, Mmarekani wa ukoo huo, aliijua, sote tuliijua. Imo kwenye kitabu alichochapisha mchungaji mmoja wa hapa, enzi za bibi wa bibi yangu. Lakini mchungaji huyo alipanga kila mwaka kuanzia Januari mpaka Desemba kama kalenda ya ukutani, basi Februari ikatangulia Novemba. Stori ikakaa vizuri: Humphrey wa kwanza alikufa Februari, Novemba akazaliwa mwingine, akapewa jina la kaka yake marehemu, kama walivyokuwa wakifanya watu wa siku zile. Huyo wa pili ndiye aliyekwenda Marekani. Walter aliijenga nyumba nzima juu ya hapo.

Kumbe mwaka wao ulikuwa unageuka tarehe ishirini na tano Machi! Februari 1608 ilikuja baada ya Novemba 1608. Humphrey aliyebatizwa na Humphrey aliyezikwa ni mtoto mmoja. Aliishi miezi mitatu. Hakupanda meli yoyote.

Na Jumamosi mjane wa Walter, Bi Verna, anamleta mumewe azikwe kwetu. Majivu yake. Wosia unasema hivyo: nilazwe pale alipotoka Humphrey. Jamani, nifanye nini?


Jumanne, 14 Mei

Nimekwenda kwa Mchungaji Philippa mapema, kabla hajaanza kupanga viti. Akaangalia picha, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hilary, mpenzi. Usinifanyie hivi wiki hii."

Nikamwambia si mimi, ni Februari. Hakucheka. Akasema watu arobaini wa chama wameshafika London, Bi Verna yuko njiani, keki imeagizwa. Akasema sisi kazi yetu ni kuzika watu, si kuzika ushahidi. Mwambie baadaye, taratibu, kwa barua.

Baadaye! Baadaye ya nini? Kwetu hapa majivu hayazikwi na chombo. Yanamwagwa udongoni, yanafukiwa, mvua ikinyesha ndo basi tena. Hata mahakama ya askofu ikitoa kibali cha kufukua, utafukua nini? Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaenda kupanga viti vyake. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha sheria hiyo.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Mume wangu Clive yuko bustanini anajisifia shimo alilochimba jana pale kanisani, dogo, pembe nne kamili. Nikamweleza.

"Wewe na makaratasi yako," akasema. "Umeua kichanga cha watu, sasa unataka kummaliza na bibi yao."

Nilicheka. Halafu nikakasirika kwamba nimecheka. Halafu nikapika viazi vingi mno.


Jumatano, 15 Mei

Bi Verna kafika. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka, koti kubwa, ulimi uleule. Kisanduku cha majivu kimo kwenye mkoba wake, hakupenda Clive ambebee. Wakati wa chakula akakiweka kwenye kiti kile alichokuwa akikalia Walter kila kiangazi.

"Walter alisema pai yako inaweza kufufua mtu," akaniambia. Akakitazama kisanduku. "Haya, tuone."

Clive alinipiga teke chini ya meza nisicheke. Sikuwa nacheka.

Sikumwambia. Alikuwa amechoka. Uongo — mimi ndiye niliyeogopa.


Alhamisi, 16 Mei

Nimemwambia.

Baada ya kifungua kinywa. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, yote yakanitoka kichwani, nikaropoka tu: Bi Verna, Humphrey wa hapa alikufa mchanga. Akaweka kikombe chini. Akasema, nionyeshe.

Nikamwonyesha. Akasoma kwa kidole kwenye skrini, ubatizo, kisha maziko. Nikamweleza habari ya Machi. Alielewa haraka kuliko Mchungaji.

"Mama yake aliitwa nani?"

Nikamwambia hawakumwandika. Waliandika baba tu.

"Bila shaka," akasema.

Nikaanza kusema samahani, pole, labda ningesubiri — akapiga meza kwa kiganja. Vijiko viliruka!

"Likizo zetu zote, Hilary! Zote! Wenzangu wanakwenda Florida, wanarudi wamebabuka jua. Mimi nimeshika mwavuli kwenye makaburi ya Waingereza, ananiambia Verna, njoo uone jiwe hili! Kwa ajili ya kichanga!"

Akacheka mpaka akalia, au alilia kwanza, sijui. Nikamshika bega. Nikajua nimemvunja, na nikajichukia, na kompyuta nikaichukia.

Halafu akajifuta uso kwa kitambaa cha vyombo.

"Nitakuambia jambo. Ukimwambia Curtis nitakukana mbele ya watu." Curtis ni mpwa wa Walter, mwenyekiti wa chama chao. "Sikutaka kumleta. Sikutaka hata siku moja. Makaburi ya kwetu Worcester, kule Marekani, yako nyuma ya duka la mikate. Ningekuwa nakwenda kila Jumapili, nampa habari, nani kafa, nani kaoa, nani kapaka nyumba rangi mbaya. Nikimwacha hapa nitampa nani? Nina miaka themanini na mbili. Nikipanda ndege ya kurudi, sirudi tena."

"Mbona ulikubali?"

"Alikuwa kitandani hospitali. Wewe ungesemaje?" Akakisogeza kisanduku karibu, kama mtu anayesogeza sahani. "Na mimi ahadi sivunji. Lakini niliahidi kumpeleka kwa Humphrey. Sasa kama Humphrey hayupo..."

Hakumalizia. Alinishika mkono, akanibana kweli.

"Una hakika?"

Nikasema nina hakika mtoto huyu alikufa. Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno. Naandika ili nisije kujidanganya.

Mchana alilala. Alipoamka akaimba akiosha vyombo. Sijawahi kumsikia Verna akiimba.


Ijumaa, 17 Mei

Curtis amekuja na masanduku ya karatasi za Walter kwa ajili ya maonyesho. Mtu mzuri, mkubwa kama kabati, anasema asante kwa kila kitu mpaka unachoka. Bi Verna alikuwa amekwenda na Clive kununua kadi. Tukafungua masanduku, mimi na yeye, kwenye ukumbi wa kanisa.

Lo! Laiti ningekaa nyumbani.

Kuna nakala ya orodha ya abiria wa ile meli, mwaka 1635. Humphrey Dallard, umri ishirini na mbili. Pembeni Walter ameandika kwa penseli: karani amekosea. Kwa sababu baadaye, mwaka 1668, Humphrey alisimama mahakamani kule Massachusetts kama shahidi, wakaandika umri wake kama sitini hivi. Sitini inarudi kwenye 1608. Inaingia kwenye ubatizo wetu sawasawa. Basi Walter akachukua ya mahakama, ya meli akaitupa.

Nikasimama hapo nimeshika karatasi kama mjinga. Kama karani wa meli hakukosea, mtu huyu alizaliwa 1612 au 1613. Na daftari letu halina kurasa za 1610 mpaka 1613. Panya walizitafuna. Kila mtu anajua hapa, tunawataniaga wageni kwamba panya wetu wamesoma.

Giles alizika Humphrey mmoja. Nani wa kusema hakupata mwana mwingine miaka mitatu minne baadaye, akampa jina lile lile? Si ndivyo walivyofanya? Walter huenda alikosea mtoto akapatia kijiji. Huenda! Neno hilo linanitoa roho. Huenda pia Humphrey alitoka mkoa wa Devon, au mwezini. Hakuna karatasi inayosema. Hakuna itakayosema kamwe.

"Umeona kitu?" Curtis akauliza.

Nikasema vumbi linaniwasha.

Nimerudi, Bi Verna yuko mezani anachagua kadi ya kumpelekea mwenye duka la mikate. Ameniuliza kama mtu anaruhusiwa kupanda ndege akiwa amekipakata kisanduku au lazima kiwekwe juu na mabegi. Nikasema aulize watu wa ndege. Nikapanda ngazi, nikajifungia bafuni, nikafungua bomba ili asinisikie.

Nikimwambia, atamzika. Namjua. Akishasikia neno huenda, atasema ahadi ni ahadi, ataukaza uso na kumwaga mumewe kwenye shimo la Clive, na Jumanne atapanda ndege akiwa mikono mitupu. Nisipomwambia, nitakuwa nimemnyima Walter kitu pekee alichoomba. Walter aliyelala kwenye chumba chetu cha juu kila kiangazi, aliyenifundisha kusoma mwandiko ule!

Clive anasema nyamaza. Mchungaji angesema sema. Jumanne yeye ndiye aliyetaka ninyamaze; sasa kusema ndiko kutakakomrudishia maziko yake, na mimi sina pa kuweka kichwa.


Jumamosi, 18 Mei

Ibada saa tano. Sasa saa tano kasorobo.

Bi Verna aliamka kabla yetu, akampigia Curtis mwenyewe. Nilimsikia kutoka jikoni. Humphrey alikufa mchanga, Hilary ana picha, namrudisha mjomba wako nyumbani. Sauti imenyooka. Curtis alizungumza muda mrefu, yeye akawa anaitikia tu, ndiyo, najua, ndiyo. Alipokata akaniambia Curtis analia, lakini amekubali.

Tangu hapo ameketi kwenye ngazi, koti mwilini, kisanduku mapajani. Anasema haendi kanisani. Wakaimbe, wale keki, wamkumbuke Walter, vizuri. Yeye atabaki hapa naye. Nimempa chai. Amekunywa yote.

Kengele zinapigwa. Manyunyu yameanza. Kutoka dirishani naziona kofia za bluu getini, na Mchungaji na joho lake, anatazama huku kwetu.

Simu imelia sasa hivi. Curtis.

Amesema hanilaumu. Amesema ameiangalia picha niliyomtumia asubuhi, ni kweli, mtoto ni mmoja na alikufa. Ana swali moja tu, na jibu langu atalichukua bila kubisha, kwa sababu mjomba wake hakumwamini mtu katika nchi hii isipokuwa mimi. Je, inawezekana walipata mwingine wakampa jina hilohilo?

Nikamwambia asubiri, kuna kitu kinaungua jikoni.

Hakuna kitu jikoni. Nimesimama hapa na kalamu, simu iko mezani, haijakatwa.

"Anataka nini?" Bi Verna ameuliza kutoka kwenye ngazi.

Nimesema anauliza habari za maua.

"Mwambie awagawie akina mama wa kanisa," akasema. "Mimi na Walter tutanunua yetu."

Simu inaita jina langu, kwa sauti ndogo. Hilary? Hilary, upo?