Kawaida ya Nani, Mpenzi?

Umoja, Jumanne

Mume wangu Mbaluka, asali wa moyo,

Bado natabasamu dukani nikiitwa mke wa Mbaluka! Nimesoma maelekezo yako ya kufundisha programu za akili bandia kutafuta makala za utafiti. Najua bosi wako akiyakubali Ijumaa, utaondoka Kisumu ufanyie kazi hapa nyumbani. Lakini nimekupa nne kwa kumi. Umeandika, "Kisha programu itafute kama kawaida." Kawaida ya nani, mpenzi? Mimi nikipotea mtaa wa jirani, Mowlem, namuuliza kinyozi. Programu itamuuliza nani? Usininunie kama juzi kwenye simu. Nimeiandika upya hatua hiyo, nikaijaribu, na makala tisa zikaja. Isome, uitume leo. Nguo zangu nimeshazisogeza upande mmoja wa kabati.

Mkeo anayekungoja mlangoni,
Wanza