Gitaa Uliloliacha Darsait

Kaka yangu Nassor,

Leo nimelitoboa gitaa lako. Uliniambia nisilitoboe mpaka urudi, na miaka yote hii sikuligusa ila kulipangusa vumbi. Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwengine atakayeelewa.

Unakumbuka boksi lilivyofika kutoka kwa mjomba Bahrain? Tulikuwa ndiyo kwanza tunaizoea Darsait, huku Oman. Unguja tuliondoka na nguo za mwilini, baba tumemwacha kaburini, na hapa kila tukifungua mdomo watoto wa jirani walikuwa wakikicheka Kiarabu chetu. Wewe ulikuwa umeacha kuongea. Ulirudi kutoka bandarini Matrah, ulikokuwa ukipigilia misumari makasha ya tende, ukajilaza chali kutazama dari. Ndipo likaja boksi: kiwiliwili cha gitaa la umeme, shingo yake, sumaku za kunasa sauti, nyuzi, skurubu ndani ya kifuko, na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza. Vipande vitupu, mtu aunge mwenyewe.

Mama alishika kichwa. Wakati ule Sultani alikuwa amekataza muziki, na kuweka ala nyumbani ilikuwa ni kujitafutia maneno.

"Nassor, wataka tufukuzwe na huku?"

"Hili la umeme, mama. Bila ya umeme halisikiki hata na paka. Na umeme hapa uko wapi?"

"Sasa la nini, kama halina sauti?"

Jibu ulinipa mimi, siku ulipolifunga nyuzi mara ya kwanza. Uliniita, ukalilaza sikio langu kwenye ubao, ukagusa uzi mmoja. Chumba kizima kilikuwa kimya, lakini ndani ya kichwa changu kulijaa. Ukaniuliza, "Umesikia?" na uso wako ulikuwa uso wa kaka yangu wa zamani, yule wa Unguja, ambaye nilishadhani hakuvuka bahari na sisi.

Lakini lilikuwa limepinda. Ule uzi mwembamba kila ukiubonyeza ulichopoka nje ya shingo, na ule mnene ulijisogeza ndani kama mgeni asiyejua akae wapi. Ukailaumu shingo. Ukaifungua, ukaipiga msasa kwenye kiungo, ukaifunga. Ikawa vile vile. Ukaifungua tena, ukaipachikia kipande cha karatasi ubavuni, ikazidi. Nikawa nakuona unavyorudi kwenye ule ukimya wako, na niliogopa, kaka. Niliogopa kuliko siku tuliyoondoka.

Mimi nilikuwa pembeni nadarizi kofia ya mtu. Nikakuuliza kile kibati kinachoshika nyuzi huku chini umekiwekaje hapo.

"Katikati," ukasema.

"Katikati umeijuaje?"

Ukanionyesha, kwa hasira, ule mstari wa gundi panapoungana mbao mbili za kiwiliwili. Nikacheka mpaka nikajichoma sindano. Wewe ulikuwa fundi wa milango, mtoto wa fundi wa milango. Kwako wewe panapokutana mbao mbili ndipo katikati, hakuna mjadala. Kwa mlango, ndiyo, mabawa mawili yamekatwa sawa. Lakini waliolikata gitaa hawakuwa wakitengeneza mlango. Ubao mmoja ulikuwa mpana kuliko mwenziwe, na nani angejali, si rangi ingepita juu?

Nikatoa uzi wangu wa kofia. Tukaukaza kwenye ukingo mmoja wa shingo, tukauvuta wima mpaka chini, na mwengine kwenye ukingo wa pili. Nyuzi mbili nyeupe zikapita juu ya kibati, na kila mtu angeona: kibati kilikuwa kimekimbilia upande mmoja kwa upana wa punje ya mchele. Punje moja tu. Shingo masikini ilikuwa sawa siku zote, umeipiga msasa bure.

Ukaangua kicheko. "Baba angenipiga na randa!" Mama akaja mbio kutoka jikoni kutazama kulikoni. Alipokukuta unacheka akabaki mlangoni anakutazama, na chakula cha siku ile kiliungua, na hakuna aliyelalamika.

Matundu ya zamani ya skurubu za kibati yalikuwa karibu mno na mahali pa mapya. Ukitoboa hivyo hivyo, keekee ingeteleza irudi kwenye kosa. Kwa hiyo ulichonga vijiti, ukavipaka gundi, ukayaziba. "Ikauke kwanza," ulisema. Ndipo siku ya pili yake akaja mtu kukwambia kuna chombo kinaondoka Matrah, na Kuwait kuna kazi. Ulifunga nguo zako kwenye shuka. Mama alikushika mkono mpaka nje. Mimi ulinitazama tu, ukaniambia, "Usitoboe, Zuwena. N'ngoje mie."

Salamu zako zilikuja kwa wasafiri, kisha zikakoma.

Mwaka huu tumepata Sultani mpya, mambo yamebadilika, na walioondoka wanarudi. Mama amekuwa akienda Matrah kila anaposikia watu wameshuka. Anavaa vizuri. Anauliza kila mtu, anarudi jioni, anasema, "Labda safari ijayo." Gitaa limelala kwenye sanduku lake la nguo, na mimi nikitaka hata kulisogeza ananiambia, "Liwache. Mwenyewe atakuja kulimaliza." Nikaelewa kwamba siku litakapomalizwa na mtu mwengine, itakuwa tumekubali kwamba hurudi.

Wiki iliyopita alikuja nyumbani mtu uliyekuwa ukilala naye chumba kimoja kule Kuwait. Alikunywa kahawa, akanywa tena, hakuthubutu kumtazama mama. Kisha akasema. Ulianguka ukipigilia mbao juu ya jengo, na walikuzika huko huko, zamani. Walimtuma mtu atuletee khabari, na yule mtu hakufika. Ina maana mama alipokuwa akikuulizia ufukweni, wewe ulikuwa umeshalala chini siku nyingi, na hasira niliyonayo kwa hilo sijui nimpelekee nani.

Nikamuuliza kama uliwahi kulitaja gitaa. Akatabasamu kidogo. "Akilitaja sana. Akisema, 'Zuwena keshalitoboa zamani. Yule hajui kungoja.'"

Nassor! Nilingoja. Mara hii moja katika maisha yangu nilifanya nilichoambiwa, na wewe ulikaa huko ukidhani linapigwa.

Leo asubuhi mama mwenyewe amelitoa sandukuni. Nimekaza uzi wa kofia, amenishikia ncha ya pili. Nimetoboa. Nimefunga kibati, nimefunga nyuzi zako, zimeota kutu, na zote zimelala juu ya shingo, hakuna inayochopoka. Jirani amenunua jenereta, na siku hizi hakuna wa kumwogopa. Mwanawe amesema twende tuliunganishe na redio yake, tulisikie mtaa mzima. Mama amemwambia, "Si leo, baba."

Kisha ameketi chini, amevuta mtandio, amelaza sikio kwenye ubao. Nimegusa uzi mmoja.

"Ndiyo hivi tu?"

"Ndiyo hivi tu, mama."

"Na yeye akisikia hivi hivi?"

"Akisikia hivi hivi."

Hakuinua kichwa. Bado yuko pale ninapoandika, na kila uzi ukinyamaza ananigonga goti nirudie.

Mungu akulaze pema, kaka. Limenyooka.

Mdogo wako aliyengoja,
Zuwena